Umeme wa Kuazima: Injini ya Gari na Anga la Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 20 Januari 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London hadi Cape Town, na miezi michache baadaye likaanza kubeba abiria. Njia ilifuata Mto Nile kuelekea chanzo chake, ikapita Kisumu na Nairobi, ikagusa Moshi na Dodoma, kisha ikatua Mbeya kabla ya kuvuka kwenda Mpika, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Safari nzima ilikuwa ya siku zipatazo 11. Mbeya yenyewe ilikuwa kimji kichanga kilichoinuliwa na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na barabara ya kuifikia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ndege za mwanzo za njia hiyo zilikuwa za aina ya de Havilland Hercules, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na injini tatu za Bristol Jupiter, kila moja ikiwa na nguvu ya farasi 420 hivi.

Anayetaka kuelewa kwa nini injini ya Toyota, iliyo imara kiasi kile barabarani, huwatia mashaka wakaguzi wa ndege, inafaa aanzie kwenye hiyo Jupiter.

Ndani yake hamkuwa na kitu ambacho fundi wa leo wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, angekiita sensa. Cheche zilitoka kwenye magneto: sumaku na koili vinavyoendeshwa na mzunguko wa injini yenyewe, vikizalisha umeme wao na kuupeleka moja kwa moja kwenye plagi. Magneto ni mgeni anayekuja na mkeka wake, haombi kitu kwa mwenyeji. Betri ikifa, cheche ipo. Waya za taa zikiungua zote, cheche ipo. Maadamu pangaboi linazunguka, injini ina umeme. Na kwa kuwa magneto nayo ni chuma na huchoka, kila injini ilibeba mbili, na kila silinda ikawa na plagi mbili. Moja ikifa, rubani anahisi nguvu imepungua kidogo, anaendelea hadi uwanja unaofuata. Mpaka leo rubani wa Cessna, kabla ya kuondoka kiwanja cha Nduli, Iringa, au cha Songwe, Mbeya, huzima magneto moja akasikiliza, akairudisha, akazima ya pili akasikiliza tena. Desturi hiyo ina umri wa karibu miaka mia moja na hakuna aliyeweza kuidharau.

Kilichokosekana kwenye Jupiter ni kipimo cha hewa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Kabureta iliyotegwa pwani inamwaga mafuta mengi mno kwa hewa hiyo nyembamba. Injini inakohoa, inatoa moshi mweusi, inapoteza nguvu. Madereva waliopandisha malori ya kabureta kutoka Dar hadi Mbeya walilijua hilo bila kufundishwa darasani. Rubani alikuwa na mkono wa kupunguza mafuta, akiuvuta taratibu huku akisikiliza mlio na kutazama kipimo cha mizunguko. Sensa alikuwa yeye mwenyewe, kwa sikio na jicho lake, na mahali kama Mbeya ustadi huo ulikuwa na maana kuliko mahali pengi pa njia ile.

Gari na ndege zilikuwa zimekwisha kuachana kabla ya hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 zote mbili zilitumia magneto. Kisha Mmarekani Charles Kettering akawaletea Cadillac mfumo wa cheche za betri na koili, na kwa magari ya mwaka 1912 akaongeza starta ya umeme. Gari likapata faraja: hakuna tena kuzungusha mkono mbele ya rejeta, taa zinawaka, cheche ni nzuri hata injini ikizunguka polepole. Bei yake ni kwamba injini sasa ilianza kuishi kwa umeme wa kuazima. Kwa gari hiyo ni bei ndogo. Betri ikigoma Ipogolo, mjini Iringa, dereva anashuka, anaomba watu wamsukume. Watengenezaji wa ndege waliangalia faraja hiyo, wakaikataa, wakabaki na magneto.

Lakini injini ya gari ilikuwa rahisi, nayo ya ndege ilikuwa ghali, na tofauti hiyo ya bei imewasumbua watu wenye mikono ya kazi tangu wakati huo. Mwaka 1929, huko Cherry Grove, Minnesota, kijana aitwaye Bernard Pietenpol alichukua injini ya Ford Model A, yenye nguvu ya farasi 40, akaifunga kwenye ndege ya mbao na kitambaa aliyoiita Air Camper. Iliruka vizuri, na michoro yake ikatapakaa dunia nzima. Wanaoisimulia hadithi hii hupenda kumsifu kwa ujasiri wa kutumia injini ya gari. Mimi namsifu kwa alichokiondoa: aliweka kando mfumo wa betri na koili wa Ford, akaifungia ile injini magneto. Alielewa kwamba pistoni na krenki za Ford zingeweza kupaa, ila umeme wa Ford ubaki chini.

Mbeya ilipoteza nafasi yake kwenye njia kuu mwaka 1937, Imperial Airways ilipohamishia safari za kusini kwenye ndege za kutua majini zilizopita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia anga la Nyanda za Juu Kusini likawa la ndege ndogo za madaktari, wamisionari, wenye mashamba na watu wa wanyamapori. Injini zao zilikuwa za Continental na Lycoming, zilizopozwa kwa hewa, zenye magneto mbili na kabureta au pampu ya mafuta isiyo na kompyuta. Kwa mtu aliyezoea magari ya kisasa zinaonekana kama vitu vya makumbusho. Huko Ulaya, tangu miaka ya 1950, injini ya Volkswagen ya kobe ilianza kufungwa kwenye ndege ndogo kama Turbulent ya Mfaransa Roger Druine, na humo pia mafundi walirudia uamuzi wa Pietenpol, wakafunga magneto.

Mambo yalibadilika mwaka 1967. Mwaka huo Volkswagen ilianza kuuza gari la 1600 lenye mfumo wa Bosch wa kupulizia mafuta kwa umeme. Kabureta iliondoka, badala yake kulikuwa na nozeli zinazofunguliwa na kompyuta, na kompyuta inayongoja taarifa kutoka kwenye sensa. Mwaka 1976 Volvo ikaongeza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Kuanzia hapo, aliyetaka kutumia injini mpya ya gari kwenye ndege hakuweza kufanya alichofanya Pietenpol kwa urahisi ule. Umeme haukuwa tena kitu cha pembeni kinachoweza kufunguliwa kwa spana na kuwekwa kando. Ulikuwa umeingia kwenye mafuta, kwenye cheche, kwenye hewa.

Hata makampuni makubwa yaliingia kwenye mtihani huo. Porsche ilipata cheti cha injini ya ndege iliyotokana na ile ya 911 mwaka 1984, ikafungwa kwenye ndege za Mooney, na miaka michache baadaye mradi ukafa. Toyota, katika miaka ya 1990, ilichukua injini ya V8 ya Lexus, ikaifungia kompyuta iliyotengenezwa na wataalamu wa ndege wa Hamilton Standard, ikapata cheti cha Marekani, kisha haikuiuza. Hilo linastahili kukumbukwa na kila anayesema kwamba Toyota ni Toyota: Toyota wenyewe, walipotaka kuipandisha injini yao angani, hawakutumia kompyuta ya gari.

Huku kwetu Tanzania teknolojia hiyo ilifika kwa njia ya bandari, ndani ya magari ya mtumba kutoka Japani. Kufikia miaka ya 2000 kabureta ilikuwa inatoweka barabarani na mafundi wa Mbeya na Iringa wakajifunza upya kazi yao. Injini iliyowafundisha kuliko zote ni ile ya lita 1.5 inayoitwa kwa mkato NZE, iliyomo kwenye IST, Probox na Corolla za wakati huo. Ina nguvu ya farasi zaidi ya 100 kidogo, ni nyepesi, haili mafuta, na spea zake zipo kila mji. Haishangazi kwamba mwaka 2010, Mkenya wa Nyeri aitwaye Gabriel Nderitu alipoandikwa na magazeti ya dunia kwa kuunda ndege nyumbani kwake, injini aliyoichagua ilikuwa NZE. Miaka michache baadaye habari zikasambaa za fundi wa Tunduma, mkoani Songwe, aliyekuwa akiunda helikopta kwenye karakana yake. Watu walicheka, wengine wakajivuna. Wachache waliuliza swali ambalo mkaguzi yeyote angeanza nalo: umeme wa injini unatoka wapi, na ukikatika je?

Tuichukue hiyo NZE, maana kila msomaji amewahi kuipanda. Kwenye krenki kuna gurudumu la meno lililopaswa kuwa na meno 36, mawili yakaachwa wazi. Pembeni yake iko sensa yenye sumaku na koili. Kila jino likipita, sensa inatoa mpigo mdogo wa umeme. Pengo likipita, kompyuta inajua pistoni ya kwanza iko wapi. Sensa ya pili inasoma kamshafti. Ya tatu, kwenye bomba la hewa, ni waya mwembamba uliopashwa moto, na kompyuta inapima hewa kwa kuangalia waya huo unavyopozwa. Zipo za joto la maji, za mguu wa mafuta, za kusikia injini ikigonga, na ile ya oksijeni kwenye ekzosi.

Sensa hizi hazina uzito sawa. Ya joto la maji ikifa, kompyuta inakisia joto na gari linaendelea, labda likila mafuta zaidi. Ya oksijeni ikifa, dereva anaona taa ya injini kwenye dashibodi na anaweza kuizoea kwa mwaka mzima. Ile ya waya wa moto ikijaa vumbi, gari linakosa nguvu, halivuti. Lakini ya krenki ikinyamaza, kompyuta haijui pistoni iko wapi, kwa hiyo inakata cheche na mafuta papo hapo. Mafundi wanaijua dalili yake: gari linazima likipata moto, likipoa linawaka tena kama halikuwa na tatizo. Ndani ya sensa kuna waya mwembamba sana uliopasuka mahali fulani. Joto likiupanua, unaachana. Ubaridi ukija, unagusana. Kwenye kupanda mlima wa Kitonga dereva wa gari kama hilo anasogea pembeni, anaweka matawi nyuma, anasubiri nusu saa. Juu ya milima ya Udzungwa hakuna nusu saa hiyo.

Hata hivyo si haki kuzilaumu sensa zenyewe. Sensa halisi ya Toyota ni miongoni mwa vitu imara kuliko vyote kwenye gari. Nyingi hufika kwenye jalala la vyuma zikiwa bado zinafanya kazi. Udhaifu uko kwingine, na wapo wanaoujua vizuri kuliko watengenezaji: mafundi wetu wa umeme wa magari. Injini nyingi za mtumba hufika zimekatwa kutoka kwenye gari lake, nyaya zikiwa zimekatwa pia. Fundi anaunganisha waya kwa waya, anasokota, anazungushia tepu. Soketi iliyovunjika mdomo inafungwa kwa kamba ya plastiki. Sensa inayouzwa kwa bei ya kutupa ndani ya boksi lenye nembo ya Toyota mara nyingi haikutoka Toyota. Kwenye gari la mjini mambo haya yanavumilika. Kwenye ndege yanakutana na adui ambaye gari halimjui sana.

Adui huyo ni mtikisiko. Injini ya gari inatoa nguvu zake kwenye mizunguko 5,000 au 6,000 kwa dakika, lakini pangaboi likizungushwa kasi hiyo ncha zake zinapita kasi ya sauti, zinapiga kelele na hazivuti. Kwa hiyo kati ya injini na pangaboi lazima pawe na gia au mkanda wa kupunguza kasi hadi mizunguko 2,700 au chini. Pangaboi ni zito, na kila mlipuko wa silinda unalipiga kupitia gia hiyo, nalo linajibu. Nguvu hizo za kwenda na kurudi hulegeza soketi, hukwangua waya kwenye ukingo wa chuma, huchosha mguu wa sensa. Halafu kuna joto. Gari likitembea tambarare linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ndege inapaa kwa nguvu zote na kisha inasafiri kwa robo tatu ya nguvu kwa saa nyingi, injini ikiwa imebanwa ndani ya boneti finyu. Rubani akitua Nduli saa saba mchana na kuzima, upepo unakoma, na joto la chuma linapanda kwenye sensa na koili bila kitu cha kulipoza. Akiwasha baada ya dakika 20, anaondoka na sensa iliyochemka.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Kompyuta ya gari imefundishwa kuilinda injini. Ikiona joto limezidi au taarifa zinapingana, inapunguza nguvu, maana mtengenezaji anaogopa gharama ya injini. Rubani aliyeko kati ya Makambako na Mbeya, mawingu yamefunga milima ya Kipengere, angechagua injini iungue kabisa baada ya kumfikisha. Programu ya gari haimpi chaguo hilo.

Na mafuta yenyewe yana ugomvi na sensa. Petroli ya ndege inayotumika kwa injini za magneto bado ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, wakati petroli ya magari Afrika kusini mwa Sahara iliachana na risasi kufikia mwanzo wa 2006. Risasi inaua sensa ya oksijeni. Anayefunga injini ya NZE kwenye ndege na kuijaza petroli ya ndege inabidi aizime sensa hiyo kwenye programu, la sivyo kompyuta itaanza kupima mafuta kwa taarifa za uongo.

Petroli hiyo ya ndege ni ghali na haipatikani kila kiwanja, ilhali mafuta ya ndege za jeti yanapatikana kwa urahisi zaidi. Tatizo hili la Afrika yote ndilo lililoifanya injini ya dizeli ionekane jibu. Kampuni ya Thielert ya Ujerumani ilichukua dizeli ya lita 1.7 ya Mercedes-Benz A-Class, ikaipa gia, ikaipa kompyuta yenye njia mbili, A na B, na mwaka 2002 ikapata cheti. Ilitoa nguvu ya farasi 135, ilikunywa mafuta ya jeti, na ilikula kidogo. Ilifungwa kwenye Cessna 172 na kwenye ndege za Diamond za Austria, moja ya injini moja na nyingine, DA42, ya injini mbili. Rubani alikuwa na mkono mmoja tu: kompyuta ilipanga mafuta, hewa na hata mgeuko wa pangaboi. Ikiona njia A ina hitilafu zaidi ya B, ilihamia B yenyewe. Kwa karatasi, ilikuwa salama kuliko magneto.

Tarehe 4 Machi 2007, kwenye uwanja wa Speyer, Ujerumani, DA42 moja ilikutwa betri yake imekwisha. Marubani wakafanya ambacho kila dereva wa Mbeya amewahi kukifanya asubuhi ya baridi ya Juni: waliistua kwa umeme wa nje. Kitabu cha ndege kiliruhusu kuwasha injini ya kwanza hivyo, lakini ya pili ilipaswa kuwashwa kwa umeme wa ndege yenyewe, na sababu yake ilikuwa hasa kugundua kama betri imekufa. Walizistua zote mbili. Injini zikazunguka vizuri, kompyuta zikajipima na kuridhika, ndege ikakimbia na kupaa. Rubani akainua magurudumu. Mota ya magurudumu ilivuta umeme mwingi kwa mkupuo, betri iliyochoka haikuweza kuziba pengo, na nguvu ya umeme ikashuka kwa muda mfupi sana. Kompyuta za injini zote mbili zikajizima na kuanza upya, kama simu. Pangaboi zote mbili zikajigeuza makali kuukabili upepo, jambo linalofanyika injini ikishakufa. Ndege ikaanguka mbele ya uwanja. Waliokuwamo walinusurika.

Ajali hii inafundisha kuliko nyingi zilizoua watu. Injini zilikuwa nzima. Sensa zilikuwa nzima, kila moja. Njia A na njia B zilikuwa nzima. Zilichokuwa nazo kwa pamoja, kwenye injini zote mbili, ni umeme kutoka sehemu moja, na umeme huo uliyumba. Ndege ya injini mbili hununuliwa kwa sababu ni vigumu injini mbili kufa kwa wakati mmoja. Hapa zilikufa kwa sekunde ileile kwa sababu ileile. Mamlaka za anga za Ulaya zilitoa agizo la dharura, na dawa iliyopatikana ilikuwa ya kizamani kabisa: betri za akiba kwa ajili ya kompyuta za injini peke yake, zisizoguswa na kitu kingine chochote ndani ya ndege.

Thielert ilifilisika Aprili 2008, kwa mambo ya mahesabu zaidi ya mambo ya sensa, na wenye ndege wakabaki wakihangaika na spea. Mwaka 2013 biashara hiyo ilinunuliwa na Wachina wa AVIC. Diamond ilikuwa imekwisha kuunda injini yake, AE300, nayo kutoka dizeli ya Mercedes, iliyopata cheti 2009, na leo shule za urubani kama ile ya Ethiopian Airlines huwafundishia vijana kwa ndege zenye injini hiyo. Kwa hiyo ni uongo kusema kwamba injini ya gari haiwezi kuruka kwa usalama. Inaweza. Lakini ikishapewa kompyuta mbili, sensa mbili mbili, altaneta inayoaminika, betri ya akiba na maelfu ya saa za majaribio, haibaki injini rahisi. Unafuu wa bei uliomvuta fundi mwanzoni umeliwa wote na umeme.

Rotax ya Austria iliifikia hoja hiyo kwa njia nyingine. Injini yake ya 912, iliyopata cheti mwaka 1989, haikutoka kwenye gari. Ina koili zake ndani zinazozalisha umeme wa cheche kwa saketi mbili tofauti, bila kuitegemea betri. Ujangili ulipowapunguza vibaya tembo wa Ruaha na Selous mwanzoni mwa miaka ya 2010, ndege nyepesi za doria zilizoletwa kusini mwa Tanzania, kama Bat Hawk ya Afrika Kusini, ziliruka kwa injini za Rotax. Kampuni hiyo ilipoamua mwaka 2012 kutoa 912 yenye sensa na nozeli, iliweka jenereta mbili ndani ya injini: moja ni ya injini peke yake, ya pili inahudumia ndege na inachukua zamu ya kwanza ikifa. Wazo la Jupiter limerudi, safari hii likiwa limevaa kompyuta.

Mwaka huo wa 2012 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilitoa utafiti wake kuhusu ndege zinazoundwa na watu binafsi. Hitilafu za injini na mifumo yake zilikuwa miongoni mwa sababu kuu za ajali. Hizo ni ndege za nchi yenye wauzaji wa vifaa maalumu vya kufungia injini za Subaru na Volkswagen, wakaguzi wa kujitolea na vitabu vya kila aina. Sisi tuna fundi mmoja mmoja, karakana ya mabati, na video za mtandaoni.

Ndege iliyoshinda katika viwanja vya changarawe na nyasi vya kusini si ya magneto wala ya sensa. Ni Cessna Caravan, yenye injini ya PT6 inayotumia mafuta ya jeti. Mafuta yake yanapimwa na mfumo wa uzito unaozunguka, springi na shinikizo la hewa. Betri ikifa hewani, injini haina habari. Na mfumo huo nao ukiharibika, rubani ana mkono wa dharura wa kupeleka mafuta mwenyewe. Caravan imeruka tangu miaka ya 1980, na kila anayetua kiwanja cha Msembe kwenda kutazama tembo wa Ruaha ana nafasi kubwa ya kubebwa nayo.

Nikirudi kwa fundi wa Tunduma na wenzake, sioni sababu ya kuwadhihaki. Sheria haimruhusu mtu kurusha chombo bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ni sawa isimruhusu. Lakini kumnyima ruhusa bila kumwonyesha aliposhindwa ni kupoteza kipaji. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilichokua kutoka Chuo cha Ufundi cha mwaka 1986, na kiko kwenye mwinuko ambao ni mtihani tosha kwa sensa yoyote ya hewa. Ombi langu kwa chuo hicho na kwa TCAA ni dogo: wawekeeni mafundi kitanda cha chuma kilichofungwa sakafuni, chenye pangaboi, ambapo injini ya NZE itaendeshwa kwa saa 100 kwa nguvu ya kusafiria, soketi zikichomolewa moja moja na matokeo yakiandikwa. Jaribio la kwanza liwe la kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inazunguka kwa nguvu zote. Injini itakayozima hapo ibaki kwenye Probox.